Maswali ya Wasomaji: Meza ya Kuprogramia Kompyuta za Injini

Barua nyingi zilizofika safari hii zinahusu jambo moja, nalo ni kuitoa garini kompyuta ya injini, ile ambayo mafundi wengi huiita kontroboksi, na kuisoma au kuiandikia programu ikiwa mezani. Nimechagua sita. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, kwa sababu atakayeielewa vizuri ataweza kujijibia mwenyewe nusu ya maswali yanayofuata.

*Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Mwanza kwa miaka tisa sasa. Nimezoea kuzisoma kompyuta za injini kupitia soketi ya dayagnosisi iliyo chini ya dashibodi, lakini siku hizi wateja wananiletea kompyuta peke yake, gari limebaki mbali. Hivi sasa ninayo ya Volkswagen Golf ya kizazi cha nne, injini ya 1.8 yenye turbo. Ninahitaji vitu gani ili nijenge meza ya kuaminika, na nianzie wapi? — Fundi umeme, Mwanza*

Ndugu fundi, umefanya vyema kuuliza kabla ya kununua. Wengi huanza kwa kununua mashine ya kuprogramu ya bei kubwa, kisha wanaiwashia kompyuta ya mteja kwa chaja ya betri ambayo umeme wake haujachujwa, na kompyuta iliyoingia nzima inatoka imekufa. Anza na chanzo cha umeme. Tafuta pawa saplai ya mezani ambayo unaweza kuirekebisha volteji na kuiwekea kikomo cha mkondo, yenye uwezo wa ampea 3 hadi 5, na ambayo inakuonyesha volti na ampea muda wote inapofanya kazi. Kompyuta ya injini ikiwa peke yake mezani, bila nozeli, bila koili na bila throtili, hula chini ya ampea 1. Uwezo unaozidi hapo ni akiba tu ya kuifanya volteji isiyumbe. Weka volti 13.5, kisha weka kikomo kwenye ampea 1. Kikomo hicho ndicho mlinzi wako, kwa kuwa siku utakayokosea waya, pawa saplai itaishusha volteji yenyewe badala ya kumimina umeme mpaka bodi itoe moshi.

Jambo la pili ni kujua kompyuta inataka nini ili iamke. Garini hupata umeme wa chanya kwa njia tatu, na Wajerumani wamezipa njia hizo namba ambazo utazikuta katika michoro ya magari yao yote: 30 ni chanya ya kudumu inayotoka kwenye betri, 15 ni chanya inayokuja unapofungua swichi kwa funguo, 87 ni chanya inayotoka kwenye rilei kuu, na 31 ni ethi. Mezani hakuna rilei wala swichi ya funguo, kwa hiyo chanya zote hizo ni juu yako kuzileta, na ukisahau moja, kompyuta itakaa kimya nawe utadhani imekufa. Nimeshapokea kompyuta kadhaa zilizoletwa kwangu kama maiti, ambazo tatizo lake lilikuwa chanya moja iliyosahauliwa na fundi aliyetangulia.

Golf ya aina yako kwa kawaida hutumia Bosch ME7.5, yenye plagi ya pini 121. Kwa kompyuta hiyo, ethi ni pini 1 na 2, chanya ni pini 3, 62 na 121, na waya wa mawasiliano unaoitwa laini ya K ni pini 43. Kati ya pini 121 unahitaji sita tu. Hata hivyo, usizichukue namba hizi kwa sababu nimeziandika mimi. Fungua mchoro wa waya wa gari lenyewe uzihakiki, maana baadhi ya Golf za mwanzo zenye injini hiyo zilitumia Motronic (familia ya kompyuta za injini za Bosch) ya kizazi kilichotangulia, ambayo mpangilio wake wa pini si huu. Soma pia kibandiko kilicho juu ya kasha. Namba ya Bosch inayoanza na 0 261 ni ya injini ya petroli, na inayoanza na 0 281 ni ya dizeli. Ni jambo dogo, lakini limewahi kumwokoa fundi aliyeletewa kompyuta asiyoijua gari lake.

Kuhusu plagi, nakusihi usiingize waya mmoja mmoja kwenye pini kwa vibanio. Pini hizo ni nyembamba, zimesongamana, na pini ya chanya ikiguswa na kibanio cha jirani kwa nusu sekunde inatosha kuunguza saketi ya ndani. Nenda kwa wauza spea za magari yaliyokatwa, ununue plagi ya kompyuta hiyo ikiwa na mkia wa nyaya wa sentimita 30 hivi. Ng'oa nyaya usizozihitaji, bakisha sita, na kila mmoja uuandikie jina kwenye utepe. Nyaya za chanya zipitie fyuzi ya ampea 2, kisha zigawanywe kwa swichi mbili: swichi moja kwa ajili ya chanya ya kudumu, na nyingine kwa chanya zinazokuja na funguo. Unapowasha, tangulia na ya kudumu, ufuatie ya funguo. Unapozima, anza na ya funguo. Ndivyo gari linavyofanya, na kompyuta imeundwa kutarajia hivyo.

Kisha funga kwenye ubao wako soketi ya dayagnosisi ya pini 16, ile ile iliyomo garini, ili mashine yako iingie bila kubadili kebo. Pini 4 na 5 ni ethi, pini 7 ni laini ya K, pini 6 ni waya wa juu wa CAN (mawasiliano ya nyaya mbili, nitayaeleza katika barua inayofuata), pini 14 ni waya wa chini wa CAN, na pini 16 ni chanya ya kudumu. Pini 16 ndiyo inayosahauliwa kuliko zote, kwa sababu fundi anajiambia kwamba mashine inapata umeme kutoka kwenye kompyuta mpakato kupitia kebo ya USB. Hiyo haitoshi kwa laini ya K. Laini hiyo inapopumzika inapaswa kuwa karibu na volteji ya betri, na kinachoinyanyua ni rezista ya omu 510 iliyomo ndani ya mashine, ambayo huchukua umeme wake kutoka pini 16. Pini hiyo ikiwa tupu, laini inabaki chini na hakuna neno litakalopita. Kabla ya kulaumu kompyuta, gusa pini 7 kwa mita huku mashine ikiwa imechomekwa. Usipoona volti zinazokaribia 13, shida iko kwenye ubao wako.

Siku ya kuwasha kwa mara ya kwanza, macho yako yawe kwenye ampea, si kwenye skrini ya mpakato. Namba ikibaki sifuri baada ya swichi zote mbili kuwashwa, kompyuta haijaamka, basi tafuta chanya au ethi iliyokosekana. Namba ikiruka hadi kwenye kikomo na volteji ikaanguka, zima papo hapo, kwa sababu ama umepishanisha nyaya ama kompyuta ina shoti ndani. Ikitulia mahali fulani chini ya ampea 1 na volteji ikasimama pale ulipoiweka, hapo kompyuta iko hai nawe una ruhusa ya kuunganisha mashine. Iandike namba hiyo kwenye daftari pamoja na aina ya kompyuta. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakuambia mambo ambayo hakuna mashine itakayokuambia, kwa kuwa utaijua ME7.5 iliyo nzima kwa ampea zake kabla hata hujaifungulia programu.

Sasa kusoma. Kanuni yangu, ambayo sijawahi kuivunja tangu niumie, ni kwamba siandiki chochote kwenye kompyuta ya mtu kabla sijaisoma mara mbili na kulinganisha mafaili mawili baiti kwa baiti. Yakitofautiana hata kwa baiti moja, mawasiliano si safi, na mawasiliano yasiyo safi wakati wa kusoma hayatakuwa safi wakati wa kuandika. Angalia pia ukubwa. Chipu ya flashi, yaani ile inayohifadhi programu, ya ME7.5 ya gari lako, kama ni ya familia ya 29F800, ina megabaiti moja, yaani baiti 1,048,576, na ile kumbukumbu ndogo ya 95040 inayohifadhi taarifa za imobilaiza (ulinzi unaozuia gari kuwashwa na mwizi) ina baiti 512. Faili lenye ukubwa mwingine, au faili ambalo ukilifungua unakuta FF (alama ya nafasi tupu) kuanzia mwanzo hadi mwisho, si nakala ya chochote. Lipe kila faili jina lenye namba ya usajili ya gari, namba iliyo kwenye kibandiko na tarehe, kisha lihifadhi mahali pawili. Jina kama "golf mpya 2" halitakusaidia mteja atakaporudi baada ya miezi minane.

*Nina karakana ndogo hapa Nakuru. Ubao wangu unafanya kazi vizuri kwa kompyuta za zamani zinazotumia laini ya K, ila zile za CAN mara zinajibu, mara zinakataa, na siku nyingine zinakatika katikati. Nimebadilisha mashine bila mafanikio. — Msomaji, Nakuru*

Ndugu msomaji, ninaamini tatizo lako liko kwenye rezista. CAN, ambayo Bosch waliitambulisha rasmi mwaka 1986, hutumia nyaya mbili zinazosokotwa pamoja, na katika kila ncha ya njia hiyo panatakiwa rezista ya omu 120 ili ishara ikifika mwisho isirudi nyuma na kuvuruga ile inayofuata. Rezista mbili za omu 120 zikiwa sambamba hutoa omu 60, na ndiyo namba unayoipata ukipima garini kati ya pini 6 na 14 katika magari mengi. Unapoitoa kompyuta na kuileta mezani, ncha moja ya njia inabaki kwenye gari.

Dawa yake ni kupima. Zima umeme wote, chomoa mashine, kisha pima kati ya nyaya mbili za CAN kwenye plagi ya kompyuta ikiwa imeunganishwa. Ukipata takriban omu 120, kompyuta ina rezista yake ndani, nawe unaongeza moja ya omu 120 kwenye ubao. Ukipata karibu na 60, usiongeze kitu. Ukipata maelfu ya omu, kompyuta haina rezista kabisa, kwa hiyo weka mbili, moja upande wa kompyuta na nyingine upande wa soketi. Ni vizuri rezista ya ubaoni uiwekee swichi ndogo, kwa sababu kompyuta hazifanani katika jambo hili.

Halafu tazama nyaya zenyewe. Ukiwasha na mita ikaonyesha kiasi cha volti 2.5 kwenye kila waya, njia imepumzika kama inavyopaswa. Zisokote nyaya hizo mbili kwa urefu wake wote na zisizidi mita moja hivi. Zikiwa ndefu na zimetandazwa kando ya waya wa pawa saplai, zitaokota kelele zake. Pia kumbuka kwamba katika magari mengi ya kizazi kipya soketi ya dayagnosisi haifiki moja kwa moja kwenye kompyuta ya injini, bali hupitia kompyuta nyingine inayogawa mawasiliano. Mezani hiyo haipo, hivyo skana ya kawaida inaweza kushindwa kuitambua kompyuta ambayo mashine ya kuprogramu inaisoma bila shida.

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti ninayejifunza umeme wa magari chini ya fundi mmoja hapa Tanga. Nasikia mafundi wakisema hii inasomwa kwa mezani, hii kwa buti, hii kwa BDM, na sielewi tofauti yake. Je, ni lazima kompyuta ifunguliwe? Fundi wangu anasema asiyefungua si fundi. — Mwanafunzi, Tanga*

Marahaba, binti yangu. Si lazima, na ukweli ni kwamba fundi mzuri hufungua pale tu njia nyingine zote zimekwisha.

Njia nyepesi kuliko zote ni kupitia soketi ya dayagnosisi, ambapo kompyuta yenyewe inakupokea kwa programu yake. Inayofuata ni ile wanayoiita ya mezani, ambapo unaingia kupitia plagi kuu ya kompyuta, kasha likiwa limefungwa, lakini unatumia pini ambazo mara nyingi hazifiki kwenye soketi ya dayagnosisi. Njia ya buti ni tofauti kwa asili yake. Hapo huiombi programu ya gari ikuruhusu. Unakiamuru kichakato, yaani prosesa, kilichomo ndani kianze kwa programu ndogo ambayo mtengenezaji wake aliichoma humo kiwandani, na programu ya gari haipati nafasi ya kuamka. BDM nayo ni mlango wa wahandisi ulioachwa kwenye bodi zenye vichakato vya Motorola na baadaye Freescale, kama zile za Bosch EDC16 za dizeli, ambapo sindano ndogo zinakaa juu ya vidoti vya bodi. Kompyuta zilizofuata, EDC17 na MED17, nyingi zina kichakato cha Infineon kiitwacho TriCore, na hizo huingiwa kwa buti au, kwa mashine za siku hizi, kwa mezani bila kufungua.

Nikuonyeshe buti kwa mfano wa ME7.5, kwa sababu ndiyo niliyojifunzia na kila kitu chake kinaonekana kwa macho. Kichakato chake ni C167 cha familia ya Siemens, ambayo leo ni Infineon. Kila kinapowashwa, kabla ya kufanya lolote, kinatazama hali ya nyaya zake za data. Kikikuta waya wa data namba 4 umevutwa chini hadi kwenye ethi, kinaiacha programu ya gari na kusubiri baiti 32 za kwanza kutoka kwenye laini ya mawasiliano. Waya huo unapita kwenye chipu ya flashi ya miguu 44, na unatokea mguu wa 24. Kwa hiyo fundi anafungua kasha, anaunganisha sindano nyembamba na ethi, anaiweka juu ya mguu wa 24, anawasha umeme, anahesabu sekunde chache, kisha anaitoa sindano.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo mikono inapotetemeka. Miguu ya chipu hiyo iko safu mbili za miguu 22 kila moja, na hesabu huzunguka, hivyo mguu wa 23 uko kwenye kona ya safu ya pili na wa 24 ndio unaoufuata. Mguu huo wa 23, jirani wa karibu kabisa, ndio unaoleta volti 5 za kuilisha chipu. Sindano yako ikiteleza kidogo tu, umeuunganisha umeme wa bodi nzima na ethi. Ndiyo maana nasema weka kikomo cha ampea kabla hujashika sindano, tumia kioo cha kukuza, egemeza kiwiko mezani, na hesabu miguu mara mbili kwa kuanzia kwenye alama ya mguu wa kwanza. Kabla ya hayo yote, vaa mkanda wa mkononi uliounganishwa na ethi, kwa sababu umeme tuli wa mwili wako huuoni wala huusikii lakini unatoboa chipu.

Na unapolifunga kasha, rudisha gundi ya silikoni kuzunguka ukingo wote, kwani kompyuta iliyoachwa na upenyo itaingia unyevu, na kutu ya kijani kwenye miguu ya chipu itaonekana baada ya msimu wa mvua, mteja akiwa ameshasahau ni nani aliyeifungua. Mwambie fundi wako kwa heshima kwamba kufungua ni upasuaji, na kwamba daktari hampasui mgonjwa aliyekuja kupimwa shinikizo la damu.

*Mtaani kwetu Morogoro umeme hukatika bila taarifa. Nikianza kuandika programu nakuwa na hofu mpaka imalize. Je, nitumie betri ya gari badala ya pawa saplai? — Fundi, Morogoro*

Ndugu fundi, hofu yako ina msingi. Mimi mwenyewe nilikuwa naandika kompyuta ya mteja mchana mmoja, nikiwa na pawa saplai peke yake, na jirani yangu wa ukuta wa pili alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Kila alipogusa chuma taa yangu ilififia. Niliiona, nikaendelea, kwa kuwa nilitaka kumaliza kabla mteja hajafika. Kwenye asilimia 60 na kitu volteji ilishuka, mashine ikapoteza mawasiliano, na kompyuta iliyokuwa ikiwasha gari asubuhi haikujibu tena kwa njia ya kawaida. Niliipata kwa njia ya buti, kwa sababu ile programu ndogo iliyomo ndani ya kichakato haifutiki pamoja na flashi, na kwa sababu nilikuwa na nakala niliyoisoma kabla. Bila nakala ile ningekuwa nimemnunulia mteja kompyuta nyingine. Mpaka leo sianzi kuandika nikisikia mtu anachomelea jirani.

Betri ya gari peke yake inafaa, lakini haina kikomo cha mkondo, na ukikosea waya itakupa mamia ya ampea bila kuuliza. Ninachofanya ni kuvitumia vyote viwili kwa zamu. Kwanza ninawasha kwa pawa saplai pekee, ampea 1 ikiwa kikomo, mpaka nihakikishe kwamba kompyuta ni nzima na nyaya ziko sawa. Baada ya hapo ndipo ninaiunganisha betri ndogo iliyofungwa ya volti 12, ampea-saa 7, sambamba na pawa saplai, na ninaweka dayodi kati ya pawa saplai na betri ili umeme wa gridi ukikatika betri isirudishe mkondo kwenye pawa saplai. Kwa kuwa dayodi inakula sehemu ya volti, ninapandisha pawa saplai mpaka mita isome volti 13.6 kwenye vichwa vya betri, kiwango ambacho betri ya aina hiyo inaweza kukaa nacho bila kuchemka. Fyuzi iwe karibu kabisa na kichwa cha chanya cha betri. Kompyuta inayokula chini ya ampea 1 itaishi kwa betri hiyo kwa saa kadhaa, na kuandika huchukua dakika chache. Kompyuta mpakato nayo iwe imejaa chaji, na uizuie isilale wala isijisasishe katikati ya kazi.

*Nimeunganisha kompyuta mezani, skana inaisoma, ila inaonyesha makosa zaidi ya ishirini: nozeli, koili, throtili, sensa ya hewa. Mteja ameniona nikisoma akadai kompyuta yake mbovu. — Msomaji, Mombasa*

Ndugu msomaji, hayo ni makosa ya meza, si ya kompyuta. Kompyuta inatafuta nozeli na haizioni, kwa hiyo inaandika kwamba saketi zake ziko wazi, na iko sahihi. Makosa yenye maana ni yale yaliyokuwamo kabla hujaitoa garini, hivyo yasome kwanza kupitia soketi ya dayagnosisi gari likiwa zima, uyaandike, kisha ndipo uitoe. Ukikutana mezani na kosa linalotaja kumbukumbu ya ndani au kichakato chenyewe, hilo ndilo la kulifuatilia. Mteja mweleze hivyo kabla hujawasha skana.

*Mteja ameleta kompyuta ya gari lake iliyoungua pamoja na nyingine aliyoinunua kwenye spea za kukatwa. Nimefunga ile ya kununua, gari linawaka sekunde moja au mbili kisha linazima. Anataka niondoe imobilaiza. Kadi ya gari anasema iko kijijini. — Fundi, Dodoma*

Ndugu fundi, kuwaka na kuzima baada ya sekunde moja au mbili, kwa magari ya Volkswagen ya kizazi hicho, ni alama ya imobilaiza inayofanya kazi yake: kompyuta hiyo imefungamanishwa na dashibodi na funguo za gari jingine. Usiondoe kitu. Kabla ya yote jaribu kuiokoa kumbukumbu ndogo iliyomo kwenye ile kompyuta iliyoungua. Mara nyingi kinachoungua ni saketi za kuendesha koili au sehemu ya umeme wa kuingilia, huku chipu ya 95040 ikiwa salama kabisa. Unaweza kuitoa kwenye bodi kwa hewa ya moto na kuisoma peke yake, baiti 512 tu. Taarifa hizo zikihamishiwa kwenye kompyuta aliyonunua, na programu ya flashi ikiwa ni ile inayolingana na injini yake, gari litaitambua kompyuta kama yake na ulinzi utabaki kama ulivyokuwa. Mwenye gari anabaki na gari ambalo mwizi hawezi kuliwasha, jambo ambalo asingekuwa nalo kama ungemfanyia alichoomba.

Kuhusu kadi, mimi siigusi kompyuta yenye suala la imobilaiza kabla sijaiona kadi ya gari, kitambulisho cha mwenye gari, na gari lenyewe likiwa na namba ya chesisi inayolingana na iliyoandikwa kwenye kadi. Ikiwa kadi iko kijijini, kompyuta inaweza kusubiri kabatini mpaka iletwe. Iandikie risiti, ibandike jina la mteja, na ile iliyoungua usimruhusu mtu yeyote aitupe, kwa sababu ndiyo yenye baiti 512 unazozihitaji.